MAMA ASIFE KWA KUCHELEWA: SOMO KUTOKA KIGALI

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi twaongeza: uchungu huo usiwe wa mama peke yake.

Ndugu wasomaji, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliiacha Rwanda bila wengi wa waganga na wauguzi wake. Wengine waliuawa, wengine walikimbia. Mwaka huohuo wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mjamzito huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Tuwaite maadui watatu.

Adui wa kwanza alikabiliwa nyumbani. Tangu mwaka 1995 wananchi walichagua washauri wa afya miongoni mwao. Baadaye kila kijiji kikawa na watatu, mmoja akiwafuatilia wajawazito na watoto wachanga. Mwaka 1999 yakaanza majaribio ya bima ya jamii, Mituweli, ili ukosefu wa fedha usimzuie mtu kwenda kutibiwa.

Adui wa pili ni njia. Mwaka 2009, wilayani Musanze, washauri walianza kutuma ujumbe wa simu kuomba msaada wa haraka, na mpango huo ukaenea nchini.

Kwa adui wa tatu, Taasisi ya Afya ya Kigali ilianzishwa mwaka 1996 kufundisha wahudumu. Kituo cha afya kikishindwa, mama hupelekwa hospitali ya wilaya.

Matunda yalionekana. Uchunguzi wa mwaka 2000 ulikuta vifo vya uzazi 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2014-15 ulikuta 210. Vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 44 kwa kila 1,000 mwaka 2000 hadi 19 katika uchunguzi wa 2019-20.

Lakini tuangalie vizuri. Uchunguzi huo wa 2019-20 ulikuta vifo vya uzazi 203, karibu sawa na vya awali, ingawa wanawake 93 kati ya 100 walijifungulia kituoni. Basi kufika peke yake hakutoshi.

Hapa kambini kituo kiko karibu, lakini adui wa kwanza tunalala naye. Mama anatokwa damu, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, nasi tunasema tungoje kupambazuke. Akina baba, tusingoje! Nanyi ndugu wa mashirika, tunawaomba gari la usiku na mkunga wa zamu visikosekane. Sisi tutamleta mama mapema. Ninyi mpokeeni upesi.