Soja wa Tumbo Lako Ana Historia Chungu

Wasee, tembea Lavington au Kileleshwa: kila geti lina soja. Hata tumbo lako lina wake. Pale linapokutana na utumbo mwembamba kuna msuli wa mviringo, pailorasi, jina linalotokana na Kigiriki: mlinzi wa lango. Chakula kigumu hakipiti mpaka kisagwe kiwe chembe za kama milimita 2.

Kazi hiyo inaendeshwa na umeme. Mwaka 1921 kule San Francisco, daktari Walter Alvarez alimpata mama mzee mwembamba kiasi kwamba mawimbi ya tumbo yalionekana kwa macho. Akaunganisha waya juu ya ngozi, akahesabu mawimbi 3 kwa dakika. Ng'ambo ya geti, utumbo hupiga kama 12. Soja anasimama katikati ya midundo miwili tofauti.

Sasa ona alivyoteswa. Kwa miaka mingi vidonda vya sehemu hiyo vililaumiwa stresi, pilipili na asidi. Mwaka 1943, Lester Dragstedt wa Chicago alianza kukata neva inayochochea asidi. Asidi ilipungua kweli, lakini neva hiyo hiyo huongoza misuli, basi chakula kikakwama tumboni. Ikabidi madaktari wapasue geti lenyewe na kulipanua!

Halafu 1984, Barry Marshall wa Australia akanywa bakteria wa H. pylori makusudi. Siku chache baadaye anatapika, na ukuta wa tumbo lake umevimba. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel 2005. Vidonda vya bakteria hao leo hutibiwa kwa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, kama wiki 2 hivi. Kisu cha nini?

Lakini panda mathree ya 46 kwenda Kawangware useme tumbo linakuuma. Utaambiwa ni stresi, ama umeruka lunch. Hiyo ni hadithi ya kabla ya 1984, bado tunaiishi.

Tumbo kunguruma ukiwa na njaa si ugonjwa. Ni mawimbi ya usafi, yanapita kila saa moja na nusu hivi. Maumivu yanayokuamsha usiku ni kitu kingine: kapimwe H. pylori. Na kama unameza ibuprofen au diclofenac kila mara, mwambie daktari, kwa sababu nazo huchoma vidonda. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho.

Watu walipasuliwa kwa sababu ya kubahatisha. Wewe una kipimo. Kitumie.