Kucharaza

Mwalimu akikucharaza bakora utakimbia. Fundi akilicharaza gita utasogeza kiti karibu. Kitenzi ni kilekile. Kucharaza ni kuchapa, na pia ni kufanya jambo kwa ustadi, liwe bao au kinanda. Wanaopiga gita ni wengi, kila mtaa una wake. Wanaolicharaza ni wachache.

Mfano wangu ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga “Masanga” kwa gita kavu. Mkono wake wa kulia ulitegemea vidole viwili tu: gumba linashikilia besi bila kuyumba, cha shahada kinadokoa nyuzi nyembamba katikati ya mapigo, hata ukadhani wapo wapigaji wawili. Sikiliza gumba peke yake kwanza, kisha rudia ukifuata kile kidole kingine. Ndipo utajua kwa nini “kupiga” hakutoshi hapo.

Kwa hiyo waandishi wenzangu wa burudani, acheni kumwita mcharazaji kila anayepigwa picha na gita begani. Msikilizeni kwanza.