Kutoka kirungu mpaka matrake ya kuvuta: fimbo inamlinda nani?

Wazee wetu walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwenye kutaka kujilinda anapashwa kuwa na chombo karibu ya mkono. Lakini fimbo ndefu inachokesha kubeba, na fimbo fupi haimfikii adui. Matrake ya kuvuta, ile ya chuma inayorefuka kama antena ya radio, ilitengenezwa juu ya kumaliza tatizo hilo. Vijana wengi wanaitamani kwa kujilinda na wezi. Kabla ya kuisifu, tuangalie historia yake.

Tuanze na Japani. Wakati wa Edo (1603-1868), samurai walitembea na panga. Askari wa kukamata wahalifu walikuwa na jutte, fimbo ya chuma yenye ndoano pembeni. Kazi yake ilikuwa kuzuia upanga na kumkamata mtu akiwa mzima. Ilikuwa pia alama ya mamlaka ya yule anayeishika.

Kule London, mwaka wa 1829, Robert Peel alianzisha polisi mpya ya mji. Raia waliogopa kuona jeshi katika barabara zao. Kwa hiyo polisi wa kawaida walipewa kirungu cha mti, tena walikificha ndani ya mfuko wa koti. Kirungu hicho kilidumu mpaka miaka ya 1990, matrake mpya zilipoanza kuchukua nafasi yake.

Moja ya hizo mpya ni matrake ya kuvuta. Iliyoieneza sana ni kampuni ASP ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1976. Vipande vyake vitatu vinaingia kimoja ndani ya kingine. Ukiirusha mkono kwa nguvu, inarefuka na kukaza. Juu ya kuifunga, unagonga ncha yake kwenye sakafu ngumu. Ile ya kadiri ina karibu santimetre 20 ikifungwa, na 53 ikifunguliwa.

Lakini chombo bila mafundisho ni hatari. Polisi wengi wanafundishwa kwa picha ya mwili yenye rangi tatu. Kijani ni minofu ya mapaja na ya mikono: hapo pigo linaumiza, lakini si rahisi liharibu mtu. Njano ni viungo, kama magoti na viwiko. Nyekundu ni kichwa, shingo na uti wa mgongo: hapo pigo moja linaweza kuua. Kwa raia anayejilinda, lengo ni kupata nafasi ya kukimbia, basi. Hata hivyo inchi nyingi zinaikataza. Uingereza ilizuia kuiuza mwaka wa 2004, na tangu 2021 hata kuiweka nyumbani ni kosa. Ufaransa, mtu mzima anaweza kuinunua, lakini kuibeba inje bila sababu ya haki kunakatazwa.

Na sisi Wakongo? Tunaijua fimbo kwa upande mwingine. Tangu wakati wa Leopold II, fimbo ya ngozi ya kiboko ilipiga wafanyakazi na wafungwa, na ilifutwa mwaka wa 1959 tu. Wachoraji wa Lubumbashi, kama Tshibumba Kanda Matulu, waliichora katika miaka ya 1970 kwenye picha zinazoitwa « Colonie belge ». Angalia zile picha vizuri: anayepigwa amelala chini. Hana silaha, hatishi mtu. Ile fimbo haikumlinda mtu yeyote.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Mwizi anayekuja na kisu ni hatari, na kumzuia ni haki. Mwizi aliyeanguka, aliyefungwa na kuzungukwa na watu wa kartie, si hatari tena. Anayeendelea kumpiga anarudilia kazi ya fimbo ya kiboko, hata kama mkononi ana matrake mpya ya leo. Tuwafundishe watoto wetu kujilinda, ndiyo, lakini tuwafundishe pia saa ya kuteremsha mkono.