Akiba ya Dizeli Ilikaa Kwenye Pampu

Mwenye lori kuukuu akiamua kufumua injini, fedha zake nyingi huishia kwenye vyuma vinavyoshikika: pistoni, ringi, slivu, beringi, gasketi za hedi. Gharama hiyo ina maana yake, kwa sababu injini iliyokwisha haifiki popote. Lakini lori linapotoka gereji likiwa na vyuma vipya na bado linakula mafuta kama zamani, lawama humwangukia fundi, au spea za bandia, au barabara. Ukifuatilia historia ya malori ya dizeli Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, jibu linaelekea kwingine. Nguvu iliporudi, ilirudishwa na vyuma. Mafuta yalipopungua, yalipunguzwa na pampu, nozeli na hewa, na hivyo vitatu ndivyo mara nyingi vilivyorudishwa kwenye injini iliyofumuliwa vikiwa vilevile vilivyotoka.

Injini ya dizeli yenyewe ilichelewa kuingia kwenye lori kwa sababu ya namna ya kupuliza mafuta ndani yake. Ile ambayo Rudolf Diesel aliifanyia majaribio Augsburg mwaka 1897 iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini ya mvuke ya wakati huo haikulikaribia. Hata hivyo mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wa kushindilia hewa hiyo haukubebeka kwenye gari. MAN walionyesha lori lenye injini ya kupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni mwaka 1924, na mwaka 1927 Bosch wakaanza kutengeneza kwa wingi pampu ya mafuta yenye kipistoni kwa kila silinda. Kipistoni hicho hucheza ndani ya ganda lake kwa nafasi ya sehemu mbili au tatu kwa elfu za milimita, na kimechongwa mfereji wa mshazari: ukikizungusha kidogo, kipimo cha mafuta kinabadilika. Hatua zilizofuata zilifuata mkondo huohuo. Mercedes-Benz walipoachana na chumba cha awali cha kuwashia na kuleta injini ya OM 352 mwaka 1964, mafuta yaliingia moja kwa moja kwenye silinda badala ya kupoteza joto kwenye kuta za chumba kile. Mabadiliko ya namna hiyo huokoa dizeli kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Mfumuo wowote wa injini ileile hauwezi kufika huko.

Barabara yetu ya kwanza kuliweka suala hili wazi ilikuwa ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru Novemba 11, 1965, vikwazo vya mafuta vikafuata, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia, ikajikuta imekatiwa njia. Mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam na kupelekwa kusini kwa malori juu ya barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na, masika, ya tope. Kurudi, malori yalibeba shaba. Hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968, Zambia ilitegemea kwa kiasi kikubwa dizeli iliyobebwa na magari yanayochoma dizeli. Kila lita iliyopotea kwenye injini mbovu ilikuwa imenyang'anywa shehena yenyewe, kwa hesabu ya taifa hata kama si kwa hesabu ya dereva. Gari lililotamba katika kazi hiyo lilikuwa Fiat 682 ya Kiitalia: silinda 6, zaidi ya lita 10, bila tabo ya kushindilia hewa. Mwendo wake ulikuwa wa pole, lakini lilivumilia, na fundi wa kando ya barabara aliweza kulifungua akalielewa.

Sasa angalia njia yenyewe. Bandarini hewa ni nzito. Ukishapanda mlima wa Kitonga na kufika nyanda za Iringa, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, sehemu moja kwa saba hivi ya hewa ile haipo tena. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, haiwezi kujiongezea. Pampu yake haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kutoa kipimo kilekile ilichopewa ilipokuwa usawa wa bahari. Mafuta yaliyokosa hewa hayaungui yote, yanatoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Upande wa Kenya tatizo ni kubwa zaidi: lori linalotoka Mombasa kwenda Uganda hupita Timboroa, karibu mita 2,700, ambako hewa imepungua kwa takriban robo. Lori hilohilo, dereva huyohuyo, ringi zilezile, na bado dizeli inaruka hewani kilomita baada ya kilomita. Hapa hakuna pistoni mpya itakayosaidia.

Watengenezaji walilijua hili mapema. Volvo walianza kuuza lori la dizeli lenye tabo mwaka 1954, nguvu ikapanda kutoka farasi 150 hadi 185 kwa injini ya ukubwa uleule, na tabo ikishindilia hewa nyembamba ya mlimani hufidia sehemu ya upungufu. Scania nao walishika njia hiyo, na magari yao yakazoeleka sana Tanzania, ambako kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kiliyaunganisha. Lakini tabo ilikuja na kishawishi chake. Kwenye pampu ya Bosch kuna skrubu inayoweka kikomo cha mafuta, nayo hufungwa kwa waya na risasi ili asiyehusika asiiguse. Mwenye lori aliyetaka kubeba zaidi alikata waya ule. Skrubu ikizungushwa kidogo, mlima unapandika kwa gia ya juu zaidi, na kwa siku chache kila mtu anafurahi.

Miaka iliyoeneza ufundi wa kufumua injini ndiyo iliyouacha ufundi wa pampu nyuma. Bei ya mafuta ghafi iliruka kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi zaidi ya dola 11 kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, kisha ikapanda tena mwaka 1979. Tanzania ilipata pigo la pili ikiwa imetoka vitani na Idi Amin, bila fedha za kigeni. Mpaka wake na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Lori likikosa spea lilitengenezewa: kranki ikachongwa na kuvishwa beringi nene zaidi, bloku ikatobolewa na kutiwa slivu, valvu zikasagwa kwa mkono. Nchini Kenya, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikwishawaambia wapangaji wa uchumi kwamba mafundi wa namna hii, waliokuwa wakifukuzwa na askari wa jiji, wanatoa ajira zenye tija. Ninakubaliana nayo. Ila mashine ya kuchongea inaweza kuokoa kranki, haiwezi kuokoa kipistoni cha pampu kilicholika kwa sehemu moja kwa elfu ya milimita. Kazi hiyo inadai benchi la kupimia, lenye safu ya mirija ya vioo inayoonyesha kila silinda inapewa mafuta kiasi gani, na vipuri ambavyo lazima viagizwe ng'ambo. Gereji zilikuwa kila mtaa, benchi zikabaki chache mijini. Ndiyo maana injini ilifumuliwa huku pampu ikipanguswa vumbi na kufungwa tena.

Fundi wa injini atapinga, na hoja yake si nyepesi. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Ringi zikichoka, mshindilio unavuja, mafuta yanawaka kwa kuchelewa, na asubuhi gari linatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka. Ni kweli. Lakini ringi mpya huirudisha injini ilipokuwa, haiisogezi mbele ya hapo. Na mara nyingi ringi zenyewe ziliuawa na nozeli. Chukua nozeli iliyochoka, uifunge kwenye kifaa cha mkono cha kupimia, ubonyeze wenzo. Iliyo nzima hushikilia hadi shinikizo la angahewa 200 hivi, kisha inapuliza ukungu mwembamba kwa mlio mkavu wa kukoroma. Iliyochoka hulenga mchirizi upande mmoja na kubaki na tone kwenye ncha. Tone hilo, ndani ya silinda, huosha oili kwenye ukuta wa slivu, na chuma kinasuguana na chuma. Anayefunga ringi mpya chini ya nozeli hiyo ameanza kuhesabu siku za mfumuo mwingine.

Wapo pia wanaosema mzigo ndio unaokula mafuta, na dereva, wala si pampu. Hili nalikubali karibu lote. Hakuna marekebisho yatakayofanya tani 60 zipande Kitonga kwa mafuta ya tani 30. Ninachokataa ni kuvitenganisha, kwa kuwa uzito uliozidi ndio uliokata risasi kwenye pampu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliyoweka kikomo cha tani 56 ilitungwa kulinda lami, lakini lori lisilolazimishwa kubeba kupita kiasi halina haja ya pampu iliyofunguliwa kupita kiasi.

Ushahidi mwingine unatoka Marekani. Mwaka 1998 watengenezaji saba wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins na Volvo, walifikia makubaliano na serikali baada ya kubainika kwamba kompyuta za injini zao zilibadili taimingi ya kupuliza mafuta gari likiwa kwenye mwendo tulivu wa barabara kuu. Taimingi ya mapema ilipunguza mafuta, ikaongeza oksidi za nitrojeni kupita kiwango. Kampuni zenye fedha ya kutengeneza pistoni ya aina yoyote zilipotaka akiba ya haraka, zilikwenda kwenye taimingi. Na makubaliano yale yaliagiza kwamba injini hizo zikija kufumuliwa, programu ibadilishwe wakati huohuo. Yaani serikali nayo ilitambua kwamba wakati wa kufumua ndio wakati wa kugusa mafuta. Funzo la pili ni la kuwatahadharisha mafundi wetu: taimingi inayookoa lita huchafua hewa ya mtu mwingine, na hesabu ya akiba inayoruka jambo hilo ni pungufu.

Kwetu, hesabu ilivurugwa kwenye kituo cha mafuta. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo, kuyachanganya na dizeli kulilipa, na uchakachuaji ukawa biashara. Lita ya mafuta ya taa ni nyepesi, ina nguvu pungufu kuliko lita ya dizeli, na hulainisha vibaya. Kipistoni cha pampu, kisicho na kilainishi kingine ila mafuta yanayopita, kinalika. Benchi lingeweza kurekebisha pampu leo na tangi likaiharibu ndani ya msimu. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kutia vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010, ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa Tanzania mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta hayo mwaka 2018. Lengo lililotajwa lilikuwa kuziba mwanya wa kuchanganya mafuta. Mwanamke anayepikia jiko la mafuta ya taa ndiye aliyelipia, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kulinda pampu za malori.