Kiingereza Mlimani: Lugha ya Kigeni Inayobeba Shahada

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikiri hadharani jambo ambalo wahadhiri wake walikuwa wakililalamikia vyumbani mwao: wanafunzi wengi waliokuwa wakiingia kampasi yake ya Mlimani hawakuwa na Kiingereza cha kusomea shahada. Ndipo kikaanzishwa Kitengo cha Stadi za Mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma kitabu cha taaluma bila kukwama kila mstari, kunukuu mambo ya msingi huku mhadhiri anaendelea kuzungumza, kupanga hoja katika insha na kutaja vyanzo vyake. Wahitimu wengi wanazikumbuka kozi hizo kwa herufi mbili za msimbo wake, CL, na wapo wanaozikumbuka kwa sapu, yaani mitihani ya marudio, walizopata humo.

Chuo kilifikaje hapo? Kilikuwa na umri wa miaka 17 tu. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Hao walikuwa mchujo wa mchujo. Walikuwa wamepitia shule chache za sekondari, za serikali na za misheni, ambako walimu wengi walikuwa Wazungu na darasani hapakuwa na lugha nyingine ya kuelewana nao. Kisha walikuwa wamevuka mtihani wa Cambridge, ambao haukumpa cheti mtahiniwa aliyefeli Kiingereza hata kama angeng'ara katika hesabu na sayansi. Chuo hakikuhitaji kitengo cha kuwanoa, kwa sababu wasioijua lugha walikuwa wameachwa njiani zamani. Wengi kati ya walioachwa walikuwa na akili sawasawa na waliopita. Hilo husahauliwa kila tunaposikia sifa za Kiingereza cha wasomi wa zamani.

Baada ya Azimio la Arusha hali ilibadilika, na ilibadilika kwa sababu njema. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za umma. Mtoto wa mkulima wa Nachingwea akaanza kuelewa anachofundishwa tangu siku ya kwanza, na uamuzi huo nautetea bila kusita. Kiingereza kikabaki somo mojawapo kwenye ratiba. Bungeni, redioni, ofisini na sokoni nako Kiswahili kikashika nafasi yake. Kwa hiyo kijana aliyemaliza darasa la saba akaingia sekondari akiwa hajawahi kukihitaji Kiingereza kwa lolote, kisha ghafla akaambiwa asomee biolojia na historia kwa lugha hiyo.

Chuo kilipopata hadhi kamili tarehe 1 Julai 1970, mabadiliko hayo yalikuwa njiani kuelekea Mlimani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo liliongeza lake: mwombaji alitakiwa kwanza kufanya kazi kwa muda kabla ya kujiunga na chuo. Kisiasa lilikuwa na mantiki yake, lakini kwa upande wa lugha liliwaleta watu waliokwisha kukaa kazini wakizungumza Kiswahili kutwa, huku Kiingereza cha kidato cha sita kikipata kutu. Miaka minne baadaye kitengo kikazaliwa.

Kuna jambo katika mpangilio wa chuo linalosema mengi. Kiingereza kinafundishwa katika Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, pamoja na lugha kama Kifaransa. Yaani chuo chenyewe kinajua kuwa lugha hii ni ya kigeni kwa wanafunzi wake, halafu kinaitumia kupimia ujuzi wao katika takriban kila kitu kingine. Lugha ya kigeni hujifunzwa kwa miaka, kwa saa nyingi, katika madarasa madogo, kwa mwalimu anayesikia kila mwanafunzi anavyotamka na kuona anavyoandika. Kozi ya mwaka wa kwanza, yenye umati ndani ya ukumbi mmoja, haiwezi kufanya kazi hiyo. Ni kama kumpa dereva somo la breki wakati gari limeshaanza kushuka mlima Kitonga.

Ushahidi haukuchelewa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa ngazi mbalimbali nchini. Kwa chuo kikuu walikuta kwamba chini ya asilimia 20 ya waliopimwa wangeweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Tusome tena: vile rahisi. Nafuu iliyotarajiwa ilikuwa imeshapendekezwa na Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyotoa ripoti mwaka 1982: Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985, kisha kipande hadi vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, akitaka kisiachwe kife nchini. Ukafuata mradi wa msaada wa Uingereza wa kuimarisha somo hilo sekondari na kupeleka vitabu vya kusoma shuleni. Vitabu vilisaidia vilikofika, ila havikugusa swali la msingi: wanafunzi wafundishwe kwa lugha gani.

Swali hilo lilishikwa na wanazuoni wa Mlimani wenyewe. Casmir Rubagumya alihariri kitabu juu ya lugha katika elimu mwaka 1990. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakatoa chao mwaka 1997, wakionyesha kwamba mzozo wa lugha ni mzozo wa elimu yenyewe. Qorro, mwalimu wa Kiingereza, amekuwa akisisitiza jambo ambalo wazazi wengi hawataki kulisikia: kufundisha masomo yote kwa Kiingereza hakumfanyi mtoto akijue Kiingereza. Kinachomfanya akijue ni kufundishwa Kiingereza, na kufundishwa vizuri.

Aliyewahi kukaa katika semina ya Mlimani anayajua matokeo. Mhadhiri anauliza swali, ukumbi unanyamaza. Nje ya mlango, chini ya mti, wanafunzi walewale wanalibishania swali lilelile kwa Kiswahili kwa ukali na kina ambacho mhadhiri hakukisikia. Mtihani ukikaribia, madesa, yaani nakala za nukuu, yanapita mkono kwa mkono, sentensi nzima zinakaririwa kama zilivyo, kwa kuwa kukariri ni salama kuliko kujitungia sentensi ya Kiingereza na kuikosea. Wapo wanaodisko, yaani kuachishwa masomo, wakiwa na hoja kichwani. Inauma kuliona hilo.

Na chuo kina mfano tofauti hapohapo. Somo la Kiswahili, lililopata idara yake mwaka 1970, limekuwa likifundishwa kwa Kiswahili, na tasnifu zake kupokewa kwa Kiswahili. Istilahi zimetungwa, nadharia zimejadiliwa, shahada za uzamivu zimetolewa. Anayedai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu hajatembelea madarasa hayo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza kikiimarishwa. Kumbi za mihadhara hazikubadilika.

Wakati mjadala huo ukiendelea, kizazi cha mwaka huu kiko darasani. Vyuo vyetu vinaweza kuanza kesho asubuhi: kozi ya Kiingereza iendelee hadi mwaka wa mwisho, madarasa yagawanywe yawe madogo, walimu wa kozi hizo waheshimiwe kama wanataaluma wengine, na semina ziruhusu hoja kujengwa kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza. Mabaraza ya vyuo yanayo mamlaka ya kuamua hayo bila kusubiri sera mpya, na tunayaomba yayatumie.