Kwa nini shahidi mkweli huweza kukosea

WAHENGA walinena kuwa macho hayana pazia. Hata hivyo, wanasaikolojia wamebaini kwamba akili inalo pazia, na kuwa mtu anaweza kuapa kwa nia safi kuhusu jambo ambalo halikutokea.

Tawi la elimu linalochunguza masuala haya ni saikolojia ya utambuzi. Hueleza jinsi binadamu anavyopokea habari kupitia milango ya fahamu, kuzichuja, kuzihifadhi na kuzitumia anapofikiri, anaponena na anapokata shauri. Tawi hili lilitambulika zaidi kwa jina hilo baada ya mtaalamu wa Marekani, Ulric Neisser, kuchapisha kitabu chake mnamo 1967.

Hatua ya kwanza ni kuzingatia. Mnamo 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji waliokuwa wakipasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo, mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Vivyo hivyo, anayeelekezewa bunduki na jambazi huikodolea macho bunduki, na uso wa aliyeishika usimkae vyema akilini.

Hatua ya pili ni kumbukumbu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha mnamo 1885 kuwa mengi husahaulika katika saa za mwanzo. Naye Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza mnamo 1932 kuwa kukumbuka si kutoa picha iliyowekwa kabatini. Ni kujenga tukio upya, na mapengo huzibwa kwa yale ambayo mtu ameyazoea.

Swali lenyewe pia huweza kuibadilisha kumbukumbu. Mnamo 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha majaribio ambapo wanafunzi walitazama filamu za ajali za magari. Walioulizwa kasi ya magari “yalipopondana” walikadiria wastani wa kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kasi “yalipogusana” walitaja kilomita 51. Katika jaribio la pili, wanafunzi waliulizwa wiki moja baadaye iwapo waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo, lakini 16 kati ya 50 waliokuwa wamesikia neno “yalipopondana” walidai kuviona. Miongoni mwa 50 waliosikia “yalipogongana”, waliodai hivyo walikuwa saba.

Makosa kama haya yamewagharimu watu uhuru wao. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi aliyenajisiwa mnamo 1984 alijitahidi kuukariri uso wa mhalifu. Alimchagua Ronald Cotton katika picha, kisha katika gwaride la utambulisho, na afisa akamwambia kuwa ndiye yule yule aliyemchagua pichani. Shaka ikamtoka. Mhalifu halisi alipoletwa mbele yake katika kesi ya pili mnamo 1987, alisema hajawahi kumwona. Cotton aliachiliwa mnamo 1995 baada ya uchunguzi wa DNA, akiwa ametumikia kifungo kwa zaidi ya miaka 10.

Mahakama za eneo hili ziliiona hatari hiyo mapema. Katika kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishikilia kuwa ushahidi wa mtu mmoja unaweza kuthibitisha jambo, lakini sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa iwapo unahusu utambulisho, hasa katika mazingira magumu. Majaji wa Kenya wangali wakiutumia uamuzi huo.

Wataalamu wanashauri kwamba mashahidi wasilinganishe habari kabla ya kuandikisha taarifa, na gwaride lisimamiwe na afisa asiyemjua mshukiwa. Aidha, kiwango cha uhakika wa shahidi kinakiliwe anapomtambua mtu kwa mara ya kwanza. Uhakika anaouonyesha miezi kadhaa baadaye akiwa kizimbani huenda umejengwa na aliyoyasikia, wala si aliyoyaona.