Mashinisti wa Gari la Moshi Zamani za Wabeleji

Wanafunzi wetu wakisikia neno mashinisti, wanafikiri ni mtu wa kukaa tu na kubonyeza vifungo. Tunapenda kuonyesha hapa ginsi wazee walivyoipanda ile kazi, maana hakuna darasa lililoweza kuwafundisha yote.

Reli ilifika Lubumbashi (Élisabethville) kutokea Sakania mwaka 1910, ikaendelea mpaka Bukama mwaka 1918 na Ilebo mwaka 1928. Upande mwingine, kampuni ya CFL ilikuwa imefungua njia ya Kisangani–Ubundu mwaka 1906, juu ya kuzunguka maporomoko ya Boyoma. Kisha ikaja Kindu–Kongolo, na mwaka 1915 Kabalo–Kalemie. Njia hizi zote zilitaka watu wa kuziendesha, na Mzungu wa kutoka Ulaya aligharimu mali mingi.

Kijana alianza chini kabisa, kwenye depo: kufuta mafuta, kutoa majivu, kusugua mabomba ya moshi. Kazi ya uchafu, ndiyo, lakini pale alijua tumbo la mashini. Aliyeonekana ana akili alipandishwa kuwa mchochea moto. Watu wanasema ile ni nguvu ya mikono tu. Hapana! Makaa yakitupwa rundo moja, moto unakufa katikati. Shurti yatawanywe kidogo kidogo, na yatangulie mlima, si kungojea mpaka gari limeanza kuchoka. Kwa CFL walichoma kuni, na kuni mbichi ziliaibisha mtu mbele ya abiria wote. Tena jicho halikuacha kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya dari la tanuru, chuma kinalainika, na mvuke unaweza kupasua kila kitu. Ndiyo maana darini paliwekwa kizibo cha risasi: kikikosa maji kinayeyuka, mvuke unatoka kwa nguvu ndani ya moto, na watu wanajua hatari imefika. Aliyeyeyusha kizibo alikuwa na maneno mingi ya kujibu kwa wakubwa.

Kisha miaka, ndipo mtu alishika usukani wa mvuke mwenyewe. Alijua mahali pa kumwaga mchanga magurudumu yakiteleza, na alisikia kwa sikio, katika pumzi za mashini, kama kuna kitu kimelegea.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule vinapita mbio. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia, kiti cha mashinisti kilikuwa cha Wazungu, na hata beleshi la makaa lilishikwa na Mzungu. Huku Katanga, Mwafrika aliendesha. Reli ni ile ile, mizigo ya shaba ni ile ile! Lakini tusiwasifu Wabeleji kupita kiasi: mshahara wa mashinisti Mwafrika haukulingana hata kidogo na ule wa Mzungu. Walimwamini na gari zima, hawakumwamini na mfuko.

Mwaka 1952 umeme uliingia kwenye njia ya Likasi–Tenke. Baadaye mashini za mazutu zilikuja pia. Lokomotivu ya umeme haihitaji mchochea moto. Basi ile ngazi ya katikati, mahali kijana aliposimama karibu na mzee akitazama mkono wake siku kwa siku, iliondoka pamoja na makaa.